Wapiga Jazi Nyumbani kwa Bach

Leipzig

Mtu anayekwenda Leipzig kumtafuta Johann Sebastian Bach huonyeshwa karatasi. Kaburi lake limo ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, alikoongoza muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na sanamu yake ya shaba imesimama nje tangu 1908. Lakini wageni wengi huvuka njia na kuingia makumbusho yaliyo mkabala na kanisa. Humo, chini ya vioo na mwanga uliopunguzwa makusudi, zimehifadhiwa noti za enzi zake, na watu huzipita wakinong'ona kana kwamba wako ibadani.

Nilichotaka kukiona mimi ni karatasi ya mpiga kinanda. Katika zama zile za Baroko, mpiga kinanda aliyeandamana na waimbaji alipewa mstari mmoja tu wa noti za besi, wa mkono wa kushoto. Kwenye noti hizo huwa kuna tarakimu ndogo: 6, 7, mara nyingine 4 ikifuatwa na 3. Mkono wa kulia haukuandikiwa kitu. Tarakimu zilimwambia kodi ipi inatakiwa. Aipange vipi, aijaze kiasi gani, aipambe au aiache kavu, hayo aliyaamua mwenyewe huku waimbaji wamekwisha kufungua vinywa. Mpiga jazi wa leo akikabidhiwa karatasi hiyo hahitaji maelezo marefu. Yake pia iko hivyo hivyo: lahani imeandikwa mara moja, juu yake herufi za kodi, na yaliyobaki ameachiwa yeye.

Nimezunguka na swali hili: kwa nini wapiga jazi hawaachi kuurudia muziki wa kale wa Ulaya, na kwa nini baadhi yao huingia humo kama wana wa nyumba ilhali wengine huishia barazani? Jibu nililoondoka nalo Leipzig lilizidi kupata nguvu kila nilikokwenda. Anayefanikiwa ni yule anayeshika muziki kwa chini, kwenye besi na mwendo wa kodi zake. Anayeshika lahani peke yake, akaibandikia mdundo wa dramu, huwa amepamba tu.

Bach mwenyewe alishika muziki kwa chini. Mwaka 1741 ilichapishwa kazi yake ambayo dunia inaijua kwa jina la Goldberg: aria moja na vigeuzo 30. Aria ile ina vipimo 32, na nyimbo nyingi za Broadway ambazo wapiga jazi walizifanya mtaji wao nazo zina vipimo 32. Hilo ni sadfa. Kisicho sadfa ni utaratibu wa kazi. Katika vigeuzo vile Bach haifuati lahani ya aria; anachukua mwendo wa besi na kodi zake, anajenga juu yake, kisha anajenga tena. Ndivyo Charlie Parker alivyozichukua kodi za wimbo wa Gershwin, akaiacha lahani yake na kutunga nyingine juu ya kodi hizo. Mpiga piano Dan Tepfer alilionyesha hili waziwazi mwaka 2011: katika rekodi moja anapiga kigeuzo cha Bach kama kilivyoandikwa, kisha hapo hapo anabuni chake juu ya besi ile ile, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Baadaye akazigeukia zile Invensheni za Bach, ambazo ziko 15 katika funguo 15, wakati funguo zote za muziki wa Ulaya ni 24. Zile 9 ambazo Bach hakuziandikia kitu, Tepfer alizijaza kwa kubuni papo kwa papo.

Potsdam

Wageni wa Potsdam humiminikia kasri la Sanssouci. Tukio nililolifuata mimi, kama wanavyoona wanahistoria wengi, lilitokea kwingine, katika Kasri la Mji. Kasri lile liliteketea kwa mabomu mwaka 1945, baadaye serikali ya Ujerumani Mashariki ikalibomoa, na lililopo leo ni jengo jipya lililovishwa sura ya lile la zamani, makao ya bunge la jimbo la Brandenburg. Nilisimama uani nikiwatazama watumishi wa serikali wakitoka kazini na mikoba yao.

Mei 1747 Bach alifika hapa kwa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, mpiga filimbi hodari aliyekuwa amemwajiri mwana wa Bach. Mfalme alikuwa na piano za fundi Silbermann, chombo kilichokuwa kipya siku hizo. Alimpigia mgeni wake mada fupi yenye kona ngumu, akamwomba aijengee pale pale fuga, ambamo sauti huingia moja moja zikiirudia mada. Bach, mzee wa miaka 62, aliijenga kwa sauti tatu. Mfalme akataka fuga ya sauti sita. Bach akachagua mada yake mwenyewe, akaijengea fuga ya sauti sita. Ile ya sauti sita juu ya mada ya mfalme aliiandika aliporudi Leipzig, ikaingia katika kitabu alichomtumia mfalme mwaka huo huo.

Mpangilio huo wa mambo ndio uliokuwa wa kawaida: vidole vilitangulia, wino ukafuata. Mwaka 1720, kule Hamburg, Bach alibuni juu ya wimbo mmoja wa kanisa kwa karibu nusu saa mbele ya Reincken, mpiga kinanda mkongwe wa mji ule. Mzee alimwambia kwamba alidhani sanaa hiyo imekufa, kumbe bado inaishi kwake. Hakuna noti hata moja ya nusu saa ile iliyobaki. Sehemu kubwa ya Bach ilipotea hivyo, na nadhani wanaonong'ona mbele ya vioo vya Leipzig wanastahili kuambiwa jambo hilo mlangoni.

Paris

Hapa ndipo nilipokaa zaidi, kwa sababu hapa mambo yote mawili yapo: mji uliosaidia kuufungia muziki ndani ya karatasi, na mji uliousaidia kutoka.

Konsevatori ya Paris ilianzishwa 1795, na katika karne iliyofuata shule za namna hiyo zilienea Ulaya nzima. Mwanafunzi alifundishwa kupiga kilichoandikwa, na kukipiga kwa ufasaha mkubwa. Watunzi nao walianza kujitwalia nafasi ambazo zamani zilikuwa za mpigaji. Katika konseto, karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, orkestra hunyamaza ili mpiga piano abuni peke yake; Mozart aliishi kwa nafasi hizo. Katika konseto yake ya tano ya piano, aliyoitunga 1809, Beethoven aliandika agizo kwamba hapo asibuni mtu kitu, aendelee mbele na yaliyoandikwa. Mlango ukaanza kufungwa.

Haukufungwa kwa wapiga vinanda vya kanisa. Ibada ina mapengo yake, padri anatembea, sadaka inakusanywa, na mtu lazima ayajaze. Pierre Cochereau, mpiga kinanda wa Notre-Dame tangu 1955 hadi alipofariki 1984, alikuwa akibuni simfonia nzima nzima juu ya mada aliyokabidhiwa dakika chache kabla. Mfaransa akikuambia kwamba muziki wa kale wa Ulaya ni muziki wa kusoma tu, mpeleke kanisani Jumapili.

Jazi iliingia kwa mlango mwingine. Novemba 1937 watu watatu waliingia studio hapa Paris kurekodi sehemu ya kwanza ya konseto ya Bach ya fidla mbili. Fidla ya kwanza ilikuwa ya Eddie South, Mmarekani mweusi aliyekulia Chicago. Alisomea muziki wa kizungu hadi akaiva, lakini orkestra za nchi yake hazikumpa kiti mtu wa rangi yake, ndipo akahamia jazi. Ya pili ilikuwa ya Stéphane Grappelli. Gitaa lilikuwa la Django Reinhardt, mtoto wa Wamanouche, watu wa misafara, asiyesoma noti. Walifanya rekodi mbili. Katika ya kwanza fidla zinapiga noti za Bach karibu zilivyo, na mdundo wa swing umewekwa chini. Katika ya pili noti za Bach zinaachwa njiani: South na Grappelli wanabaki na kodi, wanapokezana na kukatizana wanavyotaka, huku gitaa la Django likipiga mapigo manne manne bila kuchoka.

Rekodi hizi mbili nimezisikiliza mara nyingi sana, tena moja baada ya nyingine, na kwangu zinamaliza mjadala. Ya kwanza inapendeza. Ni Bach aliyevaa kofia ya Paris. Ya pili ni muziki ulio hai. South anaingia na sauti nyembamba, anashuka nusu hatua nusu hatua, Grappelli anaidaka noti yake ya mwisho na kuondoka nayo, na sikio linatambua kwamba hivi ndivyo fidla mbili zinavyozungumza katika konseto ya Bach pia: mmoja anasema, mwenziwe anajibu kabla hajamaliza.

Jacques Loussier alikuja 1959 na sahani yake ya kwanza ya Play Bach, akiwa na Pierre Michelot kwenye besi na Christian Garros kwenye dramu. Sahani za mfululizo huo ziliuzwa kwa mamilioni. Mbinu yake ni kuanza na Bach alivyo, kutoka nje ya noti, kisha kurudi. Preludi ya kwanza ya Bach, kwa ufunguo wa C, haina lahani ya kuimbika. Ni kodi zilizovunjwavunjwa, moja kwa kila kipimo, kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Charles Gounod aliona nafasi hiyo karne moja kabla, akaitandazia lahani juu, na tokeo lake ni ile Ave Maria inayoimbwa hadi leo kwenye harusi za Wakatoliki, Dar es Salaam na Nairobi pia. Loussier aliona nafasi ile ile akaijaza kwa jazi. Kuna sahani zake ambazo dramu inacheza pembeni tu huku Bach akipita zake, na hizo sizipigii debe. Anapoiachia besi ya Michelot itembee, hapo anakuwa wa nyumbani.

Usiku mmoja kwenye Rue des Lombards, mtaa wenye vilabu vya jazi vilivyokaribiana, nilisikiliza vijana watatu wakiipiga preludi hiyo hiyo. Mpiga piano aliitoa kwa utaratibu, kisha akanyanyua mikono kabisa. Mpiga besi akabaki peke yake, anakokota noti za chini za Bach kwa kidole kimoja, moja moja, bila haraka. Ukumbi mzima uliendelea kuzisikia kodi ambazo hakuna aliyezipiga. Piano iliporudi, ilirudi na blues.

Blues na Bach si majirani wa jana. John Lewis wa Modern Jazz Quartet alitunga fuga aliyoipa jina la uwanja wa hapa Paris, Vendôme, na bendi yake ikairekodi 1952. Mwaka 1973 walirekodi sahani yenye blues nne katika funguo za B-flati, A, C na B, ambazo kwa Kijerumani huandikwa B, A, C, H. Bach naye alishawahi kuliweka jina lake ndani ya muziki wake kwa noti hizo hizo.

Yuko pia anayekataa, na naye namheshimu. Keith Jarrett, ambaye mjini Köln mwaka 1975 aliketi mbele ya piano mbovu akabuni tamasha zima, alirekodi 1987 kitabu cha kwanza cha preludi na fuga za Bach bila kuongeza kitu. Anayejua kubuni kuliko wote akiamua kunyamaza, huo nao ni uamuzi wa kimuziki.

London

Mtaa wa Brook, nyumba namba 25, aliishi George Frideric Handel tangu 1723 hadi kifo chake 1759. Namba 23, ukuta kwa ukuta, aliishi Jimi Hendrix mwaka 1968 na 1969. Leo nyumba zote mbili ni makumbusho moja, na mgeni hupita kutoka vyumba vya mtunzi wa oratorio hadi chumba cha mpiga gitaa chenye kitanda chake na mapazia ya rangi kali.

Wengi hucheka kwa mshangao wanapopita. Kwangu hakuna cha kushangaza, maana Handel alikuwa mbunifu wa jukwaani kama Hendrix. Kati ya sehemu na sehemu za oratorio zake alikaa kwenye kinanda na kupiga konseto, na katika noti zake mna sehemu zilizoachwa wazi na maneno mawili tu ya Kilatini, kwamba mpiga kinanda afanye apendavyo. Alipopofuka uzeeni hakuacha. Wapiga orkestra walikuwa na vipande vyao tu. Handel alibuni yake yote peke yake, wao wakimsubiri kimya. Ishara ya kuingia ilikuwa noti iliyotetemeshwa kwa muda mrefu. Wakiisikia tu, wanaingia. Bendi za jazi huingia hivyo hivyo, kwa jicho, kwa dramu au kwa sauti moja wanayoijua wote.

London ni mji wa Henry Purcell pia, aliyefariki 1695 na kuzikwa Westminster Abbey. Purcell alipenda besi fupi inayojirudia bila kubadilika huku mwimbaji akielea juu yake. Katika wimbo wake Music for a While, besi ina vipimo vitatu tu, inapanda kwa ngazi fupi fupi, kisha inaanza upya. Mwaka 2014 kikundi cha L'Arpeggiata, kinachoongozwa na Christina Pluhar, kilitoa sahani nzima ya Purcell pamoja na wapiga jazi, akiwemo Gianluigi Trovesi wa klarineti na Wolfgang Muthspiel wa gitaa. Vyombo vya kale na vya jazi vinakaa juu ya besi moja, na kwa muda mrefu huwezi kusema nani mgeni na nani mwenyeji.

Nikiwa njiani kwenye treni, sahani hiyo masikioni, nilichokisikia ni sebene ya Kongo. Nasema hivyo kwa dhati. Mpenzi wa Franco na OK Jazz, au wa Docteur Nico, anaujua ule wakati ambapo maneno ya wimbo yanakwisha, gitaa za chini zinashika kodi mbili tatu na kuzizungusha bila kuchoka, na gitaa la solo linaanza kusema yake. Purcell aliweka pale mwimbaji, Trovesi anaweka klarineti, Kinshasa inaweka gitaa. Mkongomani anayejua sebene ana njia fupi sana ya kuingia katika muziki wa karne ya 17.

St. Gerold

Bonde la Großes Walsertal liko magharibi ya Austria, na basi hupanda kwa kona nyingi kabla ya kukushusha kwenye nyumba hii ya watawa wa Kibenedikto. Kanisa lake si kubwa. Nilipiga kofi moja, taratibu, na sauti ikachelewa kuisha.

Humu ndimo Septemba 1993 saksafoni ya Jan Garbarek wa Norway ilipokutana na Hilliard Ensemble, waimbaji wanne wa Kiingereza waliobobea katika nyimbo za kale za kanisa. Sahani yao, Officium, ilitoka 1994 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Waimbaji waliimba kilichoandikwa: Morales wa Hispania wa karne ya 16, Pérotin aliyehusishwa na Notre-Dame ya Paris karibu na mwaka 1200, na nyimbo ambazo watunzi wake hawajulikani. Garbarek hakuandikiwa sehemu. Alikuwa sauti ya tano.

Baadhi ya wapenzi wa muziki wa kale walikasirika, wakisema saksafoni imevunja utulivu wa ibada. Lakini waimbaji wa makanisa ya kale walikuwa na ada ya kubuni sauti ya ziada juu ya wimbo uliomo kitabuni, kila mtu akisikiliza wenziwe. Garbarek amefanya hivyo kwa chombo cha chuma. Kosa analofanya mara chache ni kusema mno, pale ambapo sauti nne zimekwisha kutosheleza. Lakini anapoishika noti moja pamoja na ile sauti ya juu ya kiume, hadi huwezi kutenganisha pumzi ya mtu na ya shaba, sijui rekodi nyingine inayoufikia mkutano huu.

Na hapa besi ya kushika haipo. Hakuna mwendo wa kodi kama wa Bach, hakuna mzunguko kama wa Purcell. Kuna sauti ndefu zilizosimama, na juu yake mtu anatembea ndani ya ngazi ya noti, anagusa hapa, anarudi pale, bila kipimo kinachomhimiza. Yeyote aliyekulia Unguja anakijua kitu hiki.

Unguja

Taqsimu. Mpiga kanuni au udi anaanza peke yake kabla ya wimbo, anatua kwenye noti ya msingi ya maqamu, yaani ngazi yake ya noti, iwe Bayati au Hijazi, anapanda kidogo, anaonja maqamu ya jirani, anarejea. Hana kipimo cha kumfunga, lakini ana sheria: aanzie wapi, apumzike wapi, arudi kwa njia gani. Bach na wenziwe walifungwa na besi inayotembea, hivyo walibuni wakikimbizana na muda. Mpiga taqsimu anakaa ndani ya muda wake mwenyewe. Ndiyo maana kanuni na Garbarek wanaelewana kuliko kanuni na Loussier, na gitaa la Kinshasa linaelewana na Purcell kuliko na Garbarek.

Ulaya ilichukua zaidi ya karne moja kuupoteza ubunifu huu katika muziki wake wa kusomea, na sehemu kubwa ya kuurudisha wamefanya watu wa nje ya ukumbi: weusi wa Marekani walionyimwa viti, na Mmanouche asiyesoma noti. Sisi hatujaupoteza. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kilikuwepo kabla ya sahani ya kwanza ya jazi kurekodiwa, na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002 kinafundisha kanuni, udi na fidla kwa vijana wa mjini. Hata hivyo, katika maonyesho mengi ya taarabu ninayohudhuria siku hizi, hasa yale ya kinanda cha umeme, taqsimu inakatwa ikiwa haijapumua, mara nyingine haipo kabisa, kwa hoja kwamba watu wamekuja kucheza.

Viongozi wa vikundi, mpeni mpiga kanuni dakika zake, hata tano, na msimpe ishara ya kumaliza. Nawe msomaji, zitafute zile rekodi mbili za Paris za 1937, uzisikilize mfululizo, ya kwanza kabla ya ya pili.